Njiwa Wanane wa Mizani

Ngazi za kupanda kwenye chumba cha kuchambulia manyoya zilikuwa kumi na nne. Kwa miaka tisa Mizani alizipanda bila kujua idadi yake. Mwezi ule ndipo alipoijua. Alijua pia kwamba ya sita ilikuwa na ufa wa kuingia kidole, maana hapo ndipo alipokuwa akisimama, mkono mmoja ukutani, akijifanya anafunga upya kitambaa cha kichwani ili wenzake wampite.

“Hicho kitambaa chako kimepapenda hapo,” mwenzake mmoja alimtania akipanda.

“Kimepazoea,” Mizani alijibu, na neno hilo moja likala pumzi yote aliyokuwa ameikusanya.

Moyo ulikuwa unampiga vibaya. Kasi yake alikwisha kuizoea. Kilichomtisha ni kwamba ulipiga, ukaruka pigo moja, kisha ukarudi kwa kishindo, kama mtu aliyejikwaa akawahi kushika ukuta. Kila uliporuka, Mizani naye aliganda, akasubiri kuona kama utarudi. Ulirudi. Mpaka asubuhi hiyo ulikuwa umerudi kila mara.

Jina la Mizani hakupewa na wazazi, alipewa na kazi. Kiwanda kilichinja kuku na bata kwa ajili ya mahoteli, na manyoya hayakutupwa. Yalioshwa, yakakaushwa, yakapandishwa ghorofani kwa viroba, na huko wanawake ishirini na wawili waliketi kwenye meza mbili ndefu wakiyachambua. Ya mabawa huku, ya mgongoni kule, na yale malaini ya kifuani, ambayo ndiyo mali yenyewe, kwenye pipa la bati la katikati, tayari kushindiliwa ndani ya mito. Mizani alikuwa akichota konzi ya hayo malaini, anakuambia ni gramu ngapi, na mizani ya chuma inakuja kukubaliana naye baadaye. Wageni wakitembelea kiwanda, msimamizi alimwita aonyeshe, nao walipiga makofi. Yeye aliona fahari. Katika chumba kama kile mtu alihitaji jambo lake moja la kujivunia.

Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari, maana upepo ungepeperusha mali. Vumbi la manyoya lilielea mchana kutwa, likatua kwenye kope, ndani ya masikio, juu ya chai. Wote walikohoa. Walikiita kikohozi cha mkataba: kilianza siku unayosaini, kikaisha siku unayofukuzwa.

Lakini kikohozi cha mwaka uliotangulia kilikuwa kingine. Kilikuja baada ya bata kuanza kufa. Makreti yalifika yakiwa na bata waliolala ubavu, macho yamegandana kwa utandu, na wale waliokuwa hai wakipumua midomo wazi. Daktari wa mifugo alikuja, akachukua damu ya bata, akaondoka, na hakuna mfanyakazi aliyeambiwa alichokiona. Amri iliyotoka chini ilikuwa fupi: nyama itupwe, manyoya yapande. Manyoya yakapanda. Yalikuwa yamechafuka kwa kinyesi cha kijani, hayakuoshwa yakatakata, na vumbi lake liliacha uchungu kooni.

Wiki mbili hazikupita, wanawake wanne walikuwa kitandani. Mizani alishikwa na homa iliyomtikisa mpaka meno, na kichwa kilimuuma kama kinachopasuliwa kwa shoka. Tabibu wa zahanati ya kiwanda, kijana mpole asiyeinua macho kutoka kwenye daftari lake, alimpa vidonge vya malaria bila kumpima, kisha dawa ya kikohozi, kisha barua ya kurudi kazini. Mwenzake wa meza moja, ambaye walimwita Bi Harusi kwa sababu hakuwahi kuja kazini bila wanja, hakurudi. Walimzika Jumapili. Cheti kilisema homa ya mapafu, na Jumatatu kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

Mizani alipona, au ndivyo alivyodhani. Kumbe ugonjwa ulikuwa umehama chumba tu, nyumba haukuihama.

Ulirudi polepole, kwa adabu. Homa ndogo za jioni. Jasho la kulowesha shuka. Kisha miguu ikaanza kuvimba na viatu vikakataa kuingia. Akawa analala ameketi, ameegemea kiroba cha nguo, kwa sababu akilala chali alihisi maji yanampanda kifuani na kumfika shingoni. Aliogopa kulala, na aliogopa zaidi kumwambia mtu kwamba anaogopa. Msimamizi alikuwa na orodha ya waliokuwa wakingoja kazi, na aliitundika mlangoni ili wote waione.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja tu, wa kidato cha pili. Baba yake alifariki binti akiwa bado anabebwa mgongoni. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule binti aliweka sikio lake kifuani pa mama. Ilianza kama mchezo.

“Unasikia nini?”

“Unapiga.”

“Basi nenda shule.”

Asubuhi moja alikaa na sikio lake pale muda mrefu kuliko kawaida. Mizani alimtazama utosini, akaona mstari wa katikati ya nywele, akasubiri.

“Mama, kuna kitu kinavuja.”

“Kinavuja nini?”

“Sijui. Unapiga halafu kunakuwa na sauti ya fyuu. Kama lile bomba la mtaani lisilofunga.”

“Masikio yako yana nta,” Mizani alisema. “Nenda shule.”

Binti alichukua mkoba wake, akafika mlangoni, akageuka, akamtazama mama yake. Mizani alijishughulisha na kukunja shuka mpaka aliposikia hatua zake zimetoka uani.

Alipotoka yeye alipita kwa jirani, fundi viatu. Nyumba zao ziligawana ukuta mmoja. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mguu wake mmoja mfupi, na alifanyia kazi kibarazani kwake chini ya kipande cha bati. Juu ya ukuta ule wa pamoja alikuwa amepigilia masanduku ya mbao aliyoyatoboa milango ya duara, na humo walikaa njiwa wake.

“Fundi, nipanulie tena,” Mizani alisema, akimpa kiatu.

Fundi alikigeuza huku na huku. “Hii ni mara ya tatu mwezi huu, jirani. Ngozi imefika mwisho. Sasa anayetakiwa kutengenezwa si kiatu.”

“Wewe panua. Maneno utanipa jioni.”

Hiyo ndiyo kauli ya mwisho aliyoikumbuka. Moyo uliruka pigo, akasubiri urudi, na safari hii ulichelewa. Aliona bati la fundi likizunguka, akaona njiwa wakiruka wote kwa pamoja, kisha akawa chini na fundi amemshika kichwa, akiita watu. Fundi alifunga kibaraza chake katikati ya siku ya kazi, akakodi gari la mtu aliyekuwa anashusha mchanga, akampeleka hospitali ya serikali. Alikaa naye kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana, mguu wake mfupi ukining’inia.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho. Alisikiliza mgongo, akasikiliza kifua, akatulia hapo upande wa kushoto, macho ameyafumba.

“Umewahi kuambiwa kwamba moyo wako una sauti?”

“Binti yangu ameniambia leo.”

“Ni muuguzi?”

“Yuko kidato cha pili.”

“Ana masikio mazuri,” daktari alisema, bila kutabasamu. Akachukua kalamu. “Unafanya kazi gani, mama?”

Mizani alimtazama. Katika mwaka mzima wa vidonge, makohozi ya kupimwa na barua za kurudi kazini, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

“Nachambua manyoya.”

“Manyoya ya nini?”

“Ya bata zaidi. Na kuku.”

Kalamu ya daktari ilisimama. “Hao bata waliwahi kuumwa?”

Basi Mizani akamweleza. Alieleza kwa vipande, akipumzika katikati, na daktari hakumharakisha. Alipofika kwa Bi Harusi, daktari aliacha kuandika, akabaki anasikiliza tu. Walimtoa damu chupa nne, wakampiga picha ya moyo kwa mashine iliyopakwa mafuta baridi, wakamlaza siku tisa. Damu ilipelekwa mbali. Majibu yaliporudi, daktari alivuta kiti akaketi karibu na kitanda, na hapo Mizani akajua kwamba mambo ni mabaya. Daktari anayekuja na habari njema hatafuti kiti.

“Kuna bakteria wanaoishi kwa ndege,” daktari alianza. “Mtu akivuta vumbi la manyoya yao au la kinyesi chao, wanaingia mapafuni. Akipata dawa mapema, anapona. Ila kwa watu wachache sana wanapita kwenye damu, wanakwenda kujenga kwenye milango ya moyo. Mimi sijawahi kumwona mgonjwa wake. Nimesoma tu. Wewe ndiye wa kwanza.”

Mizani hakujua kama ashukuru. “Na dawa yake ni nini?”

“Ni vidonge vya kawaida. Nadhani hata kwenye duka la dawa la mtaani kwenu vipo.” Daktari alisita. “Kama ungevipata wiki ile ya kwanza…”

Akanyoosha ukingo wa shuka.

“Kwa hiyo sasa?”

“Sasa vidonge vitaua bakteria. Lakini mlango mmoja wa moyo wameshautafuna, haufungi tena, damu inarudi nyuma. Ndiyo sauti aliyoisikia binti yako. Huo unatakiwa kubadilishwa kwa upasuaji, hospitali ya rufaa.”

“Nisipofanyiwa?”

Daktari aliangalia mikono yake. “Usichelewe, mama.”

Hofu aliyokuwa nayo Mizani tangu ngazi ya sita ilikuwa hofu ya kitu asichokijua. Hii ya sasa ilikuwa na umbo. Ilikuwa mlango mdogo ndani ya kifua chake, umetafunwa pembeni, unapigwa na damu mchana na usiku, na yeye hakuwa na mkono wa kuufikia akaushika.

Daktari alimpa bahasha. Alimweleza kwamba mfuko wa fidia wa wafanyakazi hugharamia ugonjwa unaotokana na kazi, ila mwajiri lazima asaini fomu kukubali kwamba umetoka kazini. “Humo ndani kuna fomu na barua yangu. Na nimeandika kwamba wenzako wote wa chumba kile wapimwe damu. Hilo nalo lisingoje. Kuna wengine huenda wanavimba miguu sasa hivi na wanaficha.”

Mizani alimfikiria yule aliyemtania kuhusu kitambaa. Mwezi uliopita naye alikuwa ameanza kuvaa kandambili kazini.

Afisa utumishi wa kiwanda hakumpandisha ngazi. Alishuka mwenyewe, akamkaribisha chumba kidogo cha wageni chenye kapeti, akamfungulia soda kwa mkono wake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, shati limenyooka, asiyemkatiza mtu. Alisoma barua ya daktari mara mbili, akaikunja kama ilivyokuwa.

“Pole sana, mama. Wewe ni mtu wetu. Mkurugenzi mwenyewe anakufahamu, anasema yule mama wa gramu.”

“Ahsante, bosi.”

“Huyu daktari ni kijana. Vitabu bado viko moto kichwani. Anasema bata wetu. Bata wetu walipimwa, mama. Cheti kipo.”

“Naweza kukiona?”

Afisa alitabasamu kwa subira. “Wewe unajua kusoma cheti cha mifugo?”

Mizani alinywa soda kidogo ili mdomo upate kazi. Moyo uliruka. Ukarudi.

“Sikiliza,” afisa alisema, akisogeza kiti. “Hii fomu ya fidia nikiisaini, inakwenda kwa wakaguzi. Wakaguzi wanaunda kamati. Kamati inaita wataalamu. Mimi nimeona shauri la mtu aliyekatwa kidole, kidole chenyewe hakipo, kila mtu anaona hakipo, na limekwenda miaka miwili. Wewe wako uko ndani, hauonekani. Una miaka miwili, mama?”

Afisa hakuwa anangoja jibu.

“Njia nyingine ni hii. Kiwanda kinakuchukua kwa gari lake, kinakupeleka hospitali ya rufaa, kinagharamia upasuaji wote. Tena mapema; mkurugenzi anafahamiana na watu wa kule. Hatufanyi hivyo kwa sababu tunalazimika. Ni ubinadamu. Tunachohitaji ni maelezo mafupi tu ya chanzo, ili mafaili yasigongane.” Alitoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, yenye nafasi mbili tatu zilizoachwa wazi. “Nyumbani unafuga ndege gani?”

“Sifugi ndege.”

“Hata kuku mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Mtaani kwako hakuna ndege?”

“Jirani yangu ana njiwa.”

“Wako mbali na mlango wako?”

“Wako ukutani.”

“Ukuta wa nani?”

“Tunaugawana.”

“Haya. Njiwa.” Kalamu ilianza kutembea. “Wangapi?”

“Mimi sijawahi… wanane, nafikiri. Lakini si wangu, bosi.”

“Ukuta ni wenu wote, mama. Tusikwame kwenye ukuta.”

Aliandika. Mizani aliyaona maneno yakitokea kinyumenyume mbele yake: *mimi niliyetajwa hapo juu nafuga njiwa wanane nyumbani kwangu*. Alitaka kusema neno, akakuta pumzi haitoshi neno na woga kwa pamoja.

“Na wenzangu?” hatimaye aliuliza. “Daktari amesema wapimwe.”

“Wenzako wanaumwa?”

“Wanakohoa.”

“Wanakohoa,” afisa alirudia, kama anayeonja chakula. “Mama, wakianza kupimwa, chumba kinafungwa. Kikifungwa, wanawake ishirini na mmoja wanarudi nyumbani, na sijui kitafunguliwa lini. Kama una nguvu ya kupanda huko juu ukawaeleze wewe mwenyewe, sikuzuii. Ngazi unazijua.”

Alimwekea kalamu mbele yake, ncha ikielekea upande wake. Mizani alimfikiria binti akiwa amesimama mlangoni na mkoba. Akasaini jina lake kamili, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo hakuna mtu kiwandani aliyemwita kwalo. Afisa alilipulizia wino likauke.

Tarehe ilitoka haraka kweli. Gari lingekuja Jumatatu asubuhi, upasuaji Jumatano. Alipokwenda kuchukua vidonge hospitali ya serikali, daktari alikuwa na nakala ya maelezo mezani, imepigwa muhuri. Alimwangalia Mizani, akaangalia nakala.

“Njiwa,” alisema.

Mizani alitazama sakafu.

Daktari aliandika dawa, akampa karatasi kwa mikono miwili. “Umeze baada ya kula,” alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa nayo, Mizani angepata nafuu.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, alikuwa amekaa mlangoni kwake akipunga hewa, na binti anafua. Fundi alikuwa kibarazani, misumari midogo mdomoni, anapiga soli. Gari jeupe la kiwanda likaingia mtaani kinyumenyume. Mizani alidhani wamekosea siku, akaanza kuinuka. Walioshuka walikuwa watu watatu waliovaa maovaroli meupe, mabuti ya mpira, glovu hadi viwikoni, na barakoa nene za kufunika pua na mdomo. Majirani walikimbilia ndani na watoto wao, kisha wakachungulia madirishani.

Mkubwa wao alishusha barakoa kidogo ili asikike. “Idara ya mifugo. Tumeazimwa gari na wahisani.” Alisoma jina kamili la Mizani kutoka kwenye karatasi. Hakuna aliyeitika. Mtaani walimjua kama mama wa binti yake.

“Ni mimi,” Mizani alisema.

“Pole kwa ugonjwa, mama. Tumeletewa maelezo yako. Ndege wenye maambukizi lazima waangamizwe, ndiyo sheria. Wako wapi njiwa wanane?”

Nyundo ya fundi ilinyamaza.

“Mimi sina njiwa,” Mizani alisema.

Afisa mifugo aliangalia karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka mapema Jumamosi na angependa kumaliza. “Hapa umesaini kwamba unao.”

“Nimesaini.”

“Sasa mama, nielewe. Kama unao, nawachukua, nagonga muhuri, faili linafungwa. Kama huna, basi maelezo haya ni ya uongo, nayarudisha kiwandani, wao wajue la kufanya. Nasikia kuna safari ya Jumatatu. Mimi safari hainihusu. Nahusika na ndege.”

Binti alikuwa amesimama, povu likimtiririka mikononi. Moyo wa Mizani uliruka mara mbili mfululizo, jambo ambalo haukuwahi kulifanya, na katika pengo lile akaona kaburi la Bi Harusi na wanawake wakikung’uta udongo kwenye kanga zao. Moyo ukarudi. Akainua mkono. Aliuona ukipanda kama mkono wa mtu mwingine, ukaonyesha yale masanduku ukutani.

Fundi alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja. Alitazama masanduku, akautazama ule mkono, ambao Mizani hakujua aushushe vipi.

“Ni wa huyu mama?” afisa mifugo akamuuliza.

Fundi alifumba kiganja juu ya misumari. Bomba la mtaani lilikuwa likitiririka.

“Kama amesaini ni wake,” alisema, “basi ni wake.”

Vijana wawili wakasogeza ngazi na gunia. Mmoja aliingiza glovu kwenye tundu la kwanza na ndani pakazuka fujo ya mabawa, manyoya yakatoka.

“Ngojeni,” fundi alisema. Alisimama, akaja akichechemea. “Nyinyi mtawavunja. Wamenizoea mimi.”

“Huna kinga, mzee.”

“Miaka yote sikuwa nayo.”

Akapanda yeye, mguu mfupi ukitafuta daraja. Alitoa njiwa wa kwanza kwa mikono yote miwili, akamfunika macho kwa kidole gumba, akamshusha kwenye gunia kama mtu anayelaza mtoto. Wa pili. Wa tatu. Hawakufurukuta mikononi mwake. Afisa alikuwa akiweka alama kwenye karatasi. Mizani alibaki hapo hapo mlangoni, akisikia sauti ya fyuu ndani ya kifua chake bila kuhitaji sikio la mtu.

Wa nane alimponyoka. Aliruka juu ya kichwa cha fundi, akazunguka uani mara moja, akatua juu ya paa la nyumba ya pili, mahali ambapo ngazi haifiki.

“Wametosha,” Mizani alisema. “Saba wametosha.”

“Nane ni nane, mama. Nikipeleka saba nitaulizwa mwingine nimempeleka wapi. Fomu haifungiki.” Afisa alitazama saa. Akamgeukia fundi. “Anakusikia ukimwita?”

Fundi alikuwa bado juu ya ngazi, mikono mitupu. Gunia lilijongea kidogo chini yake, kisha likatulia. Hakumtazama afisa. Alimtazama Mizani kwa muda, na Mizani akaona kwamba anangoja aseme kitu, neno lolote.

Binti akasema taratibu, “Mama.”

Mizani akainamisha kichwa.

Fundi akageukia paa. Akalowesha midomo, akaachia mlio ule mdogo wa kooni ambao kila jioni aliwaitia punje, akaurudia, kwa upole ule ule. Juu ya bati, njiwa akageuza shingo. Akasikiliza. Kisha akasogea ukingoni na kufungua mabawa.